Macho Kwenye Rangi Nyekundu: Tunamuaga Jotham Wakoli

Mzee Jotham Wakoli wa idara ya rangi atatoka katika lango la Upeo Motors Ijumaa tarehe 31 Oktoba 1986, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Hatatoka akiwa fomeni. Atatoka akiwa mfanyakazi wa msasa, kazi aliyoshushwa kwayo miaka mitatu iliyopita, na kiwanda kitampa saa ya ukutani na kutunywesha soda. Jarida hili la wafanyakazi limeombwa liandike maneno mazuri machache juu yake. Tutayaandika, na hayatakuwa machache.

Aliingia mwaka 1964, Upeo ikiwa bado gereji ya kunyoosha bodi kando ya Barabara ya Ngong. Alikuwa ametoka Kimilili na nguo zake kwenye mfuko wa sukari. Alianza kwa kuosha magari, akapewa msasa, kisha praima, ile rangi ya chini ya kwanza, na hatimaye bunduki ya rangi. Alipanga chumba Gatwekera, huko Kibera, ukuta wa udongo na paa la mabati, na humo amelea watoto wake wote. Gereji ilipohamia Viwandani na kugeuka kiwanda cha kuunganisha magari, safari yake ya asubuhi ilirefuka. Alikuwa akiishika reli pale Laini Saba na kuifuata kwa miguu, mvua ikinyesha, vumbi likitimka. Hakuwahi kuchelewa. Wakubwa waliiita bidii. Ilikuwa woga.

Tunalisema hilo mapema kwa sababu Ijumaa hiyo watasimama watu wenye tai na kumwita shujaa asiyejua kuogopa. Wasidanganye umma. Wakoli aliogopa kila kitu. Aliogopa mbwa, lifti, na mlio wa king'ora cha polisi hata kikipita mtaa wa tatu. Simu ya idara ikilia, alivua kofia kwanza, akasimama wima, ndipo akaishika. Kila aliyevaa tai alimwita Bwana Mkubwa, na siku moja alimbebea mkoba hadi ofisini mwuzaji wa bima aliyekuwa amepotea njia tu.

Ndunge, mama wa Kikamba ambaye kazi yake ni kupangusa bodi za magari kabla hazijapakwa rangi, alimchokoza kila siku.

"Mzee, hata kupiga chafya wewe huomba ruhusa?"

"Naomba. Wakinipatia, napiga."

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, msako ulipopita Kibera nyumba kwa nyumba kutafuta mali iliyoporwa, Wakoli aliitupa redio yake bwawani. Ilikuwa redio yake halali na risiti alikuwa nayo. Alieleza baadaye kwamba aliogopa askari huenda hajui kusoma. Mkewe, Mama Nekoye, hajamsamehe.

Lakini mtu huyo mpe bunduki ya rangi. Mkono wake ulitoka begani, si kwenye kiwiko, ukapita juu ya mlango wa gari kwa mwendo mmoja, na mwendo huo aliupima kwa wimbo wa kanisani aliouimba puani. Mstari mmoja kwenda, mstari wa pili kurudi. Waliofunzwa naye wote hupiga rangi hivyo, Wakatoliki kwa Waislamu. Dosari ilikuwa moja tu: akiogopa, wimbo ulikwenda mbio na rangi ikatua nyepesi. Sisi wa msasa, upande wa pili wa ukuta, tulijua meneja ameingia chumba cha rangi kwa kusikia wimbo wa mazishi ukigeuka wa harusi. Mwaka 1977 alifanywa fomeni. Alishukuru kwa hofu kubwa.

Sasa tufike 1983. Wapo watakaopenda tuuruke mwaka huo. Hatuuruki.

Katikati ya mwaka huo kiwanda kilipata kazi ya kuunganisha Duma, gari la spoti la viti viwili, jekundu, la chini kiasi kwamba mtu mrefu aliliingia kama anayejilaza kitandani. Vipande vilikuja kwa meli. Sisi tulivifunga, tukachomelea, tukapaka rangi. Hakuna kati yetu aliyemjua mtu wa kulinunua. Ndunge alilizunguka la kwanza lilipotoka, akauliza, "Sasa gunia ya mahindi itakaa wapi?"

Yale ya mwanzo yalitoka yaking'aa. Halafu rangi ikaanza kukimbia. Ilipulizwa, ikatua, kisha mbele yako ikajivuta kutoka sehemu moja ndogo na kuacha duara, na katikati ya duara hilo praima ya kijivu ikakutazama. Lilikuwa duara moja kwenye boneti. Gari lililofuata lilikuwa na maduara hadi milangoni. Yalipigwa msasa upya, yakapakwa upya, na madoa yakarudi. Mengine yalikuwa yameshafika kwa wauzaji mjini, yakarudishwa mbele ya watu, yamefunikwa turubai kama maiti.

Mhandisi wa ubora, Bwana Oketch, alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Ni mtu mpole na alitaka wote waelewe. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa chumba cha rangi jina la hitilafu hiyo kama mafundi wa rangi wanavyoiita duniani kote, ila akalitafsiri kwa Kiswahili ili asimwache mtu nyuma. Aliandika MACHO YA SAMAKI. Mchana wa siku hiyohiyo mtu wa zamu alihitaji nafasi ya kuandika idadi ya magari ya wiki. Akafuta nusu ya maneno. Ubao ukabaki umesema MACHO.

Kuna neno moja ambalo hutakiwi kuliacha peke yake mbele ya watu waliotoka Bungoma, Kakamega, Machakos na Kitui, nalo ndilo hilo. Kwetu jicho si mchezo. Kuna mtu akimtazama mtoto anayenyonya, mtoto anaanza kutapika. Kuna anayesifu ng'ombe, na kesho maziwa yamekauka. Kufikia saa ya chai ilikuwa imeshasemwa kwamba hizi gari ziko na macho. Jioni ilikuwa imefika Laini Saba na Mashimoni kwenye foleni za maji, na upande ule mwingine imefika Kawangware sokoni: huko Upeo kuna gari nyekundu, mtu ameitupia jicho, na sasa nayo inatazama watu.

Wiki hiyo Shivachi, mpiga rangi mwenye kifua kama pipa, alianguka chumbani akiwa na bunduki mkononi. Ilikuwa mvuke wa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Vichujio vya maski havikuwa vimebadilishwa tangu mwaka mpya, na yeyote aliyetaka angeweza kuvinusa na kujua. Lakini hofu haina haja ya vichujio. Shivachi alianguka akilitazama gari. Basi.

Tangu hapo watu walifanya kazi wakiogopa bidhaa ya mikono yao wenyewe. Wapigaji rangi waliingia wawili wawili. Wengine waliliendea gari kutoka nyuma. Ndunge alipangusa bodi huku amegeuza uso ukutani, na kwa hiyo alipangusa nusu na kuacha nusu. Fomeni Wakoli alimuuliza kwa nini.

"Mzee, hii kitu inaniangalia! Hata bwana yangu hajawahi kuniangalia hivi, na tulifunga harusi ya kanisa."

Watu walicheka, na kila mmoja akacheka akiangalia pembeni.

Wako waliosema baadaye, tena kwa Kiingereza kizuri, kwamba huo ulikuwa ushirikina wa Kibera. Tunawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu ofisini nako kulikuwa na neno lao.

Neno lao lilikuwa hujuma. Meneja wa uzalishaji, Bwana Muigai, alikuwa amepigiwa simu na wenye mali kutoka ng'ambo: macho yasipokoma, kazi ya Duma inahamishwa nchi nyingine. Naye alikuwa na mkopo wa nyumba na watoto shule za bweni. Woga katika kiwanda hushuka ngazi. Unaanzia ghorofa ya juu ukiwa umevaa suti, na ukifika chini unakuwa umevaa ovaroli, lakini ni woga uleule. Bwana Muigai aliyatazama yale madoa akaona, kama alivyoona Ndunge, kwamba kuna adui anayemtazama. Tofauti ni kwamba Ndunge aligeuza uso tu. Meneja alitafuta mtu wa kukamata.

Mtu alikuwepo tayari. Urbanus Muia, mpiga rangi wa Kawangware, alikuwa na mdomo. Ndiye aliyesimama mkutanoni Shivachi alipoanguka na kusema waziwazi: "Macho gani? Ni hewa mbaya. Nunueni maski, muache kutuhesabia mizimu." Alilisema mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi. Katika mwaka wa kawaida, mtu kama huyo hukatwa marupurupu. Huo haukuwa mwaka wa kawaida. Mtu aliyetajwa kwa neno hujuma wakati ule hakupewa barua ya kufukuzwa. Alikuja kuchukuliwa na gari lisilo na maandishi, na mkewe akaanza kuzunguka vituo vya polisi na chakula kwenye kikapu, akiambiwa kila mahali kwamba hayupo. Muia alikuwa na mke, Syombua, na mtoto wa kunyonya.

Jumatano, Bwana Muigai alimwita fomeni. Mazungumzo yao tunayajua kwa sababu ukuta wa ofisi ile ni wa mbao na karani wa upande wa pili hakuwa kiziwi.

"Wakoli, wewe ni mtu mzima. Ijumaa kuna wageni. Nataka karatasi yenye sahihi yako kwamba Muia amekuwa akichezea rangi."

"Sijaona akichezea, Bwana Mkubwa."

"Basi andika vile ungeona."

Karani anasema alisikia kiti kikilia kama kinachotetemeka.

"Na nisipoandika?"

"Chumba cha rangi ni chako. Nikikosa jina la mtu wa chini yako, nitabaki na jina gani?"

Hayo ndiyo mambo aliyotoka nayo mle ndani: ama Muia, ama yeye. Na hakuna aliyejua kwamba alikuwa amebeba jambo la tatu mfukoni.

Wakoli ni muumini wa kanisa dogo la mabati kando ya reli, Laini Saba, lile ambalo ngoma yake husikika hadi ng'ambo ya pili. Kwao mgonjwa hupakwa mafuta, nyumba mpya hupakwa mafuta, na mahali penye jicho baya hupakwa kwanza kabisa. Tangu wiki ya pili ya balaa hili, fomeni alikuwa akifika kabla ya wote, akiwa na chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya macho, yenye kipira cha kudondoshea. Ndani yake yalikuwamo mafuta ya simsim kutoka nyumbani, yaliyoombewa na mchungaji. Alidondosha tone kwenye kila pembe ya chumba cha rangi. Tone kwenye mlango. Tone kwenye mpini wa kila bunduki. Na kwa kuwa pumzi ndiyo uhai, alidondosha tone kwenye mdomo wa mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye kompresa na kuleta upepo wa kupulizia rangi. Alifanya hivyo kuwakinga watu wake. Hakuna aliyemwomba, na hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa kuchekwa na aliogopa zaidi kukatazwa.

Msomaji anayejua rangi ameshashika kichwa. Tunamwomba asicheke. Macho yaliongezeka, na kadiri yalivyoongezeka Wakoli aliongeza matone. Alhamisi, baada ya mambo ya ofisini, alikuja na wazo ambalo mtu yeyote mwenye hofu na imani angelifikia: macho yakiondoka kabla ya Ijumaa, hakuna haja ya jina la mtu. Muia atabaki, naye atabaki. Akamimina karibu mafuta yote kwenye ule mpira wa hewa, akaomba mpaka ovaroli ikalowa jasho.

Gari la Ijumaa lilikuwa baya kuliko yote yaliyotangulia. Halikuwa na macho. Lilikuwa macho matupu.

Wageni walikuja saa nne asubuhi. Wawili walikuwa wauzaji. Wengine wawili walivaa makoti, hawakujitambulisha, na walisimama karibu na mlango. Wafanyakazi wote wa rangi walipangwa ukutani. Muia aliambiwa aje na mfuko wake wa nguo, na alipousikia mwito huo alielewa, kwa sababu alimpa Ndunge funguo za nyumba ampelekee mkewe.

Wakoli alisimama mbele akiwa na karatasi iliyochapwa. Ilibaki sahihi tu. Wimbo ulikuwa ukimtoka puani, mbio, mistari ikipandiana, na hakujua kwamba sote tunausikia.

Ndipo Bwana Oketch, ambaye hakuambiwa kuhusu karatasi wala makoti, akaanza kuwaeleza wauzaji kwa Kiswahili, kwa adabu yake ileile. Alieleza kwamba jambo hili linajulikana. Rangi na mafuta havipatani. Rangi ikikutana na mafuta inayakimbia, na pale ilipokimbia ndipo jicho.

"Si lazima yawe mengi," akasema. "Tone dogo. Hata mafuta ya nywele. Hata mtu akishika mpini na mikono iliyopakwa mafuta. Sasa anayefanya hivi lazima awe anayaweka kila siku, tena mahali pa maana. Kama mimi ningetaka kuharibu, ningeyaweka kwenye hewa."

Wimbo ukakatika.

Tuliomwona hatutausahau uso ule. Mtu alikuwa ameambiwa na mwenye elimu, mbele ya watu wote, kwamba dawa yake ndiyo ugonjwa, na kwamba hakuna mwingine chini ya jua anayejua. Angeweza kutia sahihi. Chupa ilikuwa karibu tupu, angeitupa chooni, macho yangekoma, na kiwanda kizima kingesema: mnaona, tangu Muia aondoke rangi imetulia. Sahihi moja tu na angekuwa fomeni hadi leo.

"Bwana Mkubwa," akasema. Akavua kofia, akasimama wima. "Bwana Mkubwa, ni mimi."

"Wewe nini?"

Akaitoa ile chupa. Akaiinua juu wote waione. "Mafuta ni yangu. Naweka asubuhi. Kwenye hewa pia. Lakini si hujuma, ni maombi."

"Mungu wangu, Mzee," Ndunge akasema kwa sauti ndogo.

"Unajua unachosema, Wakoli?" Bwana Muigai alikuwa amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Unajua hawa ni akina nani?"

"Najua. Ninaogopa sana. Lakini ni mimi, si huyu kijana."

Mmoja wa wenye makoti akasogea, akafungua kijitabu. "Nani alikutuma?"

"Ni Roho."

"Roho nani? Jina la pili?"

Tumesimulia jambo hilo mara nyingi tangu siku hiyo na watu huanguka kwa kicheko. Siku yenyewe hakuna aliyecheka. Mtu yule aliandika, na alikuwa anangoja jina la pili kweli.

Wakamchukua na chupa yake. Muia akaachwa amesimama na mfuko wa nguo, hajui aufungue au aubebe. Mama Nekoye alianza mzunguko wa vituo vya polisi jioni hiyo, na Syombua mke wa Muia, ambaye walikuwa hawajuani, alitoka Kawangware na mtoto mgongoni akazunguka naye. Katika kituo kimoja waliulizwa nani kati yao ndiye mke. Wakajibu kwa pamoja kwamba wote.

Siku zilipita kabla hajarudi. Alirudi akitembea polepole, kama anayepima sakafu. Hajasimulia alikotoka, na sisi hatukumuuliza. Tulijiambia ni heshima. Mkono wake wa kulia, ule uliotoka begani, haukuweza tena kushika bunduki ya rangi bila kutetemeka. Barua ilikuwa inamngoja: si fomeni tena, aende msasa, na ashukuru.

Huku nyuma jambo lilikuwa limetokea ambalo kiwanda hakijawahi kulitangaza, kwa hiyo tunalitangaza sisi. Mafuta ya simsim yalikoma na macho yakapungua. Hayakuisha. Bwana Oketch aliweka kitambaa cheupe safi mbele ya mpira wa hewa, akafungulia, na kitambaa kikaingia doa. Akasimama mbele ya meneja, mtu mpole yule, na kusema kompresa ifunguliwe au yeye anaondoka. Ikafunguliwa. Ringi zake, zile za kuzuia mafuta, zilikuwa zimelika, na ilikuwa ikitema mafuta ya injini kwenye hewa tangu siku ilipoletwa, baada ya Duma za mwanzo kutoka. Ilinunuliwa kuukuu ili kubana matumizi. Macho ya kwanza kabisa, yale yaliyoandikwa ubaoni, yaliyoleta neno, yaliyoleta hofu, yaliyoileta chupa, yalikuwa ya kompresa. Yaani yalikuwa ya ofisi.

Ripoti iliyoitwa ya ndani ilisema kulikuwa na hitilafu ndogo ya mtambo. Haikumtaja mtu. Kwa hujuma walitaka jina kufikia Ijumaa. Kwa kompresa hawakutaka jina hata leo. Basi tuwekane sawa kuhusu ushirikina. Wafanyakazi walioogopa jicho walikosea, na kosa lao lilikuwa mafuta na sala. Walioogopa mhujumu walikosea vilevile, na kosa lao lilimvunja mtu mkono. Ni kosa lipi la washamba?

Muia ndiye aliyempelekea Wakoli habari za kompresa, nyumbani kwake Gatwekera. Alidhani anampelekea furaha.

"Mzee, hukuwa wewe wa kwanza. Ni mashine yao."

"Lakini nilikuwa wa pili," Wakoli akasema, akamkaribisha chai.

Hajawahi kudai cheo chake. Tulimshawishi aende kwa chama cha wafanyakazi, akasema chama kina ofisi yenye ngazi nyingi. Miaka hii mitatu amekaa kwenye msasa, na hakuna bodi iliyotoka kwake na mchubuko. Muia ndiye msemaji wetu sasa, na maski mpya zilikuja mwaka 1984 kwa sababu baada ya kisa kile hata meneja aliona aibu kumkatalia. Wageni wote wa idara ya rangi hupitia kwa Wakoli kwanza. Huwaosha mikono kwa sabuni ya kufulia hadi kwenye viwiko, akawanusa nywele, akawakagua mifuko, kisha akawapa sheria yake moja: "Ombea nje, pulizia ndani." Wao hucheka. Yeye hacheki.

Makala haya yalisomwa na ofisi kabla ya kuchapwa. Tulishauriwa tuweke sentensi moja tu: kwamba Bwana Wakoli aliwahi kuhusika katika tukio la mwaka 1983. Tumekataa. Mtu hawi wa kuhusika tu anapokuwa ndiye pekee kati ya watu wazima arobaini waliopangwa ukutani aliyefungua kinywa. Wengine hatukuwa na cha kukiri, hilo ni kweli. Lakini tulikuwa na cha kusema, kwamba Muia hana kosa, na tulikijua, na tulitazama viatu vyetu.

Ofisi ilipokataliwa, tulikwenda kumuuliza mwenyewe, kwa sababu hadithi ni yake na shingo ni yake. Huu si wakati mwepesi wa kuchapa mambo kama haya. Tulimsomea yote akiwa ameketi kwenye kiroba cha msasa uliochakaa. Tulidhani atakataa, na tulikuwa tayari kuyachoma.

"Mtaandika jina langu?"

"Tukikubaliana, Mzee."

"Nitaogopa," akasema. "Andikeni."

Sisi tunaobaki bado tunaogopa. Tunaogopa kupoteza kazi, tunaogopa sauti za juu, tunaogopa makoti mlangoni. Huyu mtu hakutufundisha namna ya kuacha kuogopa, maana mwenyewe hakuijua. Alituonyesha kwamba mtu anaweza kuogopa kila kitu na bado asiuze mwenzake. Tangu ile Ijumaa hakuna aliyetia sahihi karatasi ya namna ile katika kiwanda hiki, na si kwamba hazikuletwa.

Mzee Wakoli, unarudi Kimilili na Mama Nekoye, kwenye kipande chako cha shamba. Asante kwa mikono uliyoifunza kazi, asante kwa Muia, asante kwa kila mtoto wa Gatwekera na Kawangware aliyekula kwa sababu chumba cha rangi hakikufungwa. Tunakutakia mavuno, usingizi, na siku nyingi. Na gari likisimama nje ya boma lako, la rangi yoyote, tunakutakia liwe limeleta wageni tu.